Blanketi la Vishada

Jumatatu, 6 Oktoba

Kwako daftari. Salamu nyingi. Sijawahi kuandika shajara. Shuleni niliacha tulipokuwa tumefika kwenye barua, na barua huanza kwa salamu, kwa hiyo utanivumilia.

Sisi huku wazima. Baba watoto mzima, isipokuwa magoti, ambayo huuma pakiwa na kitu cha kubeba tu. Mama mkwe mzima. Masikio yake hayasikii ila yasiyomhusu. Wifi mzima sana. Alikuja kwa siku mbili, huu ni mwezi wa nne, na afya inazidi. Kitinda mimba mzima, anakula, anakua, anakula tena. Paka mzima. Kifungua mimba wangu, binti yangu msomi, huyo ndiye si mzima, na ndiyo sababu nakuandikia.

Haumwi. Ni leza.

Ngoja nikueleze. Mimi ni mfagiaji katika jengo la wasomi. Binti yangu anasomea humo humo, ghorofa ya chini, chumba chenye taa nyekundu juu ya mlango. Siku ya kwanza aliponikuta na ufagio alisema, bahati iliyoje! Si bahati. Kazi hiyo niliiomba mara tano. Hajui, na wewe usimwambie.

Kazi yake, alivyonieleza jana mezani, ni hii. Kuna gesi. Inasukumwa kupitia tundu jembamba kuliko unywele, inatokea ndani ya pipa la chuma lililonyonywa hewa yote. Ikitokea humo inapoa ghafla, na atomi zake, vitu vidogo kuliko chawa wa chawa, zinakumbatiana kwa baridi. Mia mia, elfu elfu, kama zabibu. Anaviita vishada. Halafu leza inavipiga mwanga mkali ajabu, kwa muda mfupi hivi kwamba kupepesa jicho ukilinganisha nao ni likizo. Kishada kinalipuka, vijipande vinaruka, sanduku linavihesabu, na kwenye kioo cha kompyuta inatokea nundu. Eti atomi ikiwa peke yake haishughuliki sana na huo mwanga. Zikiwa kundi ndipo zinaunyonya na kupasuka kwa hasira. Kama ukoo wa baba watoto.

Tatizo: nundu haitoki. Wiki nzima kinatoka kipele. Ijumaa saa tisa alasiri Profesa anakuja kutazama. Pasipo nundu, leza anapewa mwanafunzi mwingine, yule wa tai shingoni, na binti yangu atasubiri zamu mwaka mzima. Mwaka mzima nyumbani, anamsikiliza wifi! Jana tu wifi aliuliza kama hizo atomi zinaoa. Binti akasukuma sahani pembeni.

Akanivuta jikoni, akaniambia nisifanye chochote. Chochote, Mama. Neno hilo alilirudia mara tatu.

Nimemwahidi. Kesho naanza.

Jumanne, 7 Oktoba

Mpango wa leo: kumlainisha Profesa ampe binti siku mbili zaidi.

Njia nilifunzwa na binti mwenyewe. Leza yake haipigi mara moja. Hutangulia mwanga mdogo, dhaifu, unakilegeza kishada, kinavimba kama unga wenye hamira. Ndipo mwanga mkubwa unakikuta kimevimba sawasawa. Ukiwahi mno, bado kigumu. Ukichelewa, kimeshatawanyika. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Vitabu vyote hivyo, na wanachokitafuta kila mama anakijua: jina kwanza, kofi baadaye.

Basi. Mwanga mdogo: kumsafishia Profesa ofisi kuliko siku zote. Mwanga mkubwa: ombi.

Nikafika saa moja asubuhi. Meza yake, jamani! Karatasi zimelala kila upande kama abiria waliokosa gari. Nikazipanga kwa ukubwa. Kubwa chini, ndogo juu, za rangi pembeni. Zilipendeza hata machozi yakanilenga. Ukutani kulikuwa na ubao wa ratiba yake, umeandikwa ovyo ovyo kwa wino unaofutika. Ulifutika.

Profesa akaingia. Kuvimba, alivimba. Nadhani niliwahi mno. Akauliza mtihani wa mwaka wa pili uko wapi. Nikamwambia inategemea ulikuwa na ukubwa gani. Akauliza ratiba yake iko wapi. Nikamwonyesha ubao, mweupe kama maziwa. Akakaa, akashika kichwa. Ombi sikulitoa.

Mchana likabandikwa tangazo. Kwa kuwa ratiba ya Profesa imepatwa na ajali, anaipanga upya, na Ijumaa atatazama leza saa tatu asubuhi badala ya saa tisa alasiri.

Nilikwenda kuomba siku mbili. Nimerudi na upungufu wa nusu siku.

Binti alilisoma tangazo, kisha akanitazama mikono. Nikaificha nyuma. Akasema tu, Mama. Jina kwanza! Nikaondoka upesi kabla ya kinachofuata.

Jumatano, 8 Oktoba

Siku ya kupiga deki chumba cha leza. Leza huzimwa, na fundi wake hunisimamia.

Huyu fundi jengo zima linamwita Bwana Usiguse. Amebandika vikaratasi vya USIGUSE kwenye leza, kwenye pipa, kwenye swichi, kwenye kikombe chake cha chai, na kwenye kiti kimoja cha chumba cha kompyuta ambacho hakuna aliyewahi kukikalia, hata yeye. Sakafuni ananichorea kwa chaki njia ya kupitia na ndoo yangu. Mimi na yeye hatupatani tangu siku nilipoifuta chaki. Nilitumwa nipige deki, nifanyeje?

Leo niliona jambo. Kuna bomba, linatoka kwenye mashine ya baridi, linazunguka nyuma ya pipa, ndimo gesi inamopita. Bomba liko uchi! Limeota barafu nyeupe mwanzo hadi mwisho, na juu ya barafu kikaratasi: USIGUSE. Nilisimama na tambara langu, moyo ukanikatika. Ndimo vinamopita, maskini ya Mungu. Halafu watu wazima wenye shahada wanashangaa kwa nini vishada havina nguvu ya kulipuka! Nimelea wanne mimi. Mtoto mwenye baridi hachezi, hali, ukimpigia kelele anakutazama tu.

Nikamwuliza Bwana Usiguse, kwa adabu zote, kwa nini bomba halina nguo. Akasema ni bomba la baridi, linatakiwa kuwa la baridi, na kwamba mguu wangu wa kushoto umetoka nje ya chaki.

Nikamfuata binti. Naye, bila kuinua macho kwenye kompyuta, wimbo ule ule: baridi ndiyo kazi yenyewe, Mama. Gesi ikipoa zaidi, vishada vinakua zaidi. Tatizo wiki hii haipoi vya kutosha, na yeye hajui kwa nini. Pembeni yake mkate niliompelekea asubuhi haujaguswa, kana kwamba nao ulibandikwa kikaratasi.

Haipoi vya kutosha! Bomba limeota barafu, yeye anasema haipoi. Ile si elimu, ni njaa inazungumza. Nikasema sawa, mwanangu.

Profesa kaagiza deki irudiwe kesho, pang'ae kwa ajili ya Ijumaa. Angejua.

Nyumbani nikavuta sanduku lililo chini ya kitanda. Blanketi la njano, la picha za bata, lililomlea binti na wadogo zake wote watatu. Wifi akachungulia mlangoni, akauliza kuna anayetarajia? Nikamjibu ndiyo, wako kama elfu. Alinyamaza mpaka chakula cha jioni. Hata mpango ukishindwa, hilo nimelipata.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimeshinda! Lakini nianze mwanzo.

Niliingia na ndoo, blanketi ndani, tambara juu. Tatizo, Bwana Usiguse habanduki. Nikampa habari ya chai moto ya bure ghorofa ya pili. Akanionyesha chupa yake. Nikamwambia mkewe yuko getini anamwulizia. Akasema hana mke. Kisha akarekebisha kola, akaniuliza huyo aliyemwulizia yukoje. Maskini, nilijisikia vibaya kidogo.

Nikawaza kwa sauti, kama mtu asiyejua anasikiwa: huko ghorofa ya juu nimeona mtu ameshika kitu. Akauliza kitu gani. Nikasema sikukijua, ila alikuwa amekishika hasa. Sijawahi kuona mwanaume wa umri ule akipanda ngazi tatu tatu.

Nikavuka chaki. Nikalizungushia bomba blanketi mara mbili, nikabana kwa vibanio vya nguo kumi na viwili, bata wakitazama nje wasikose hewa. Kile kikaratasi nilikibandua kwa heshima, nikakibandika juu ya blanketi, nisije nikaambiwa sifuati taratibu. Nikaliimbia bomba kidogo. Nikatoka.

Bwana Usiguse aliporudi, taa nyekundu ilikuwa imeshawaka, na ikiwaka hakuna anayeingia. Binti huendesha kila kitu kutoka chumba cha kompyuta, kwa hiyo hakuna aliyeona.

Saa nane mchana nikasikia ukelele. Nikatupa ufagio, nikakimbia nikijua nimeua mtu. Ni binti! Anaruka! Nundu! Kipele kimekwisha, imesimama nundu kama ya ngamia, na vijipande vinaruka kwa nguvu ambayo hajawahi kuiona tangu apewe leza. Akanikumbatia, ndoo katikati. Akasema hajui ni nini kilichobadilika. Nikasema labda vimepata joto. Akacheka, Mama naye! Akaula mkate wote amesimama.

Nimerudi nyumbani natembea katikati ya njia kama mgeni rasmi. Nikamwarifu wifi kwamba kesho saa tatu binti anakaribia kuwa daktari. Akauliza anatibu nini. Vishada, nikamjibu, na vimepona.

Ijumaa, 10 Oktoba

Naandika upesi. Usiniulize mwandiko.

Saa tatu kamili Profesa akafika, nyuma yake yule wa tai, na daftari jipya, kama mtu aliyekuja kupima mapazia ya nyumba ambayo mwenyewe bado hajahama. Mimi nilikuwa nafuta kioo kimoja cha chumba cha kompyuta tangu saa mbili. Hakijawahi kuwa safi vile.

Binti akawasha. Leza ikapiga. Kipele.

Akausogeza ule mwanga mdogo, utangulie zaidi. Kipele. Akaurudisha, ukaribie. Kipele. Wa tai akakohoa kikohozi cha mtu asiye na kifua. Binti akasema jana ilikuwepo, picha yake anayo. Profesa akamjibu kwa upole, upole ule mbaya, kwamba yeye amekuja leo. Mwanangu uso ukawa kama majivu. Vidole vyake vikaanza kuvuta uzi kwenye ncha ya mkono wa shati, alivyokuwa akifanya akiwa na miaka minne.

Nikachungulia chumba cha leza kupitia kioo cha mlango. Bomba uchi!

Nikamgeukia Bwana Usiguse. Ameshika mfuko. Mdomoni mwa mfuko, bata. Akaninong'oneza kwamba alfajiri amekuta kitu kisichojulikana kimegusa bomba, na mgeni akishaondoka anafungua uchunguzi.

Daftari, nikinyamaza, hakuna atakayejua. Nikisema, kazi sina, na binti aibu ya mama yake ataivaa mbele ya Profesa maisha yake yote. Lakini ule uzi wa shati ulikuwa unaendelea kuvutwa.

Mwanga mdogo kwanza. Nikasema kwa sauti ya chini: Profesa, mimi ndiye niliyefuta ratiba yako. Wote wakageuka. Midomo wazi, wamelegea sawasawa. Nikaachia mkubwa: na mimi ndiye niliyelivika bomba lenu blanketi, ndiyo maana jana nundu ilikuwepo, na huyu hapa amelivua!

Nikafumba macho, nikangoja mlipuko.

Haukuja. Nikafumbua jicho moja. Binti alikuwa anatazama mfuko, anatazama bomba, anatazama mfuko, midomo ikimcheza kama anahesabu. Akamwuliza Bwana Usiguse, polepole, ile sponji nyeusi iliyokuwa imelifunika bomba ilikwenda wapi. Bwana Usiguse akasema aliitoa wiki iliyopita. Binti akauliza kwa nini. Bwana Usiguse akaangalia viatu vyake.

Eti kikaratasi kilikuwa hakishiki kwenye sponji.

Profesa akarudi nyuma, akakaa. Akakaa kwenye kile kiti. Bwana Usiguse akafumba macho.

Leza ikazimwa, blanketi likarudi mahali pake. Binti mwenyewe ndiye aliyelibana. Bata mmoja amechanika bawa tangu binti alipokuwa na meno mawili. Nilimwona akimpitishia kidole. Tukangoja saa nzima bomba lipoe, na Profesa akaitumia kunifundisha, kwa maneno mafupi mafupi ya watu kama mimi: blanketi halikulipa bomba joto. Lilizuia joto la chumba lisiingie. Baridi ikabaki ndani, gesi ikapoa inavyotakiwa, vishada vikanenepa. Kila aliponyamaza niliitikia kwa kichwa.

Taa nyekundu. Leza ikapiga.

Nundu!

Profesa akainuka, akasema tena. Nundu. Tena. Nundu. Walipiga mpaka wa tai akailegeza tai yake. Binti amepewa leza kwa miezi mitatu mingine. Akalia, nikalia, na Bwana Usiguse akaniomba nisilie juu ya swichi.

Adhabu yangu: nimehamishiwa kufagia maegesho ya magari. Wazo hilo alilitoa binti mwenyewe. Alilitoa kwa upendo, akinishika bega, na kwa haraka sana.

Jumapili, 12 Oktoba

Salamu tena. Wote wazima. Wifi anazidi.

Leo binti amenieleza upya, mezani, kwa chupa ya chai. Chupa hii, Mama, ukitia chai moto inabaki moto. Ukitia maji baridi yanabaki baridi. Chupa haipashi wala haipoozi, inazuia tu. Blanketi ni hivyo hivyo. Baba watoto akasema ameelewa. Kitinda mimba akaelewa. Mama mkwe, ambaye hasikii, akaelewa. Nami nikasema nimeelewa, mwanangu, maana alikuwa anakula vizuri na sikutaka aache.

Lakini hapa tuko wawili tu. Kama blanketi linatunza baridi, basi mimi nimegandisha watoto wanne. Wako wapi walioganda? Wote wazima, na mmoja anapasua vishada. Vilikuwa na baridi, vikafunikwa, vikapata nguvu. Wao waite watakavyo. Nundu wameiona.

Sasa linalonikosesha raha ni lingine. Ijumaa mlango ulipokuwa wazi niliitazama leza yenyewe kwa makini. Inatetemeka. Inahema. Na ubavuni imeunganishwa mabomba mawili ya maji baridi, yanapita mchana kutwa. Maji baridi, kwenye kitu ambacho mnakitegemea kwa mwanga mkali! Hata mimi nisiyesoma naona.

Nimeanza kufuma sweta. Mikono miwili, kwa kuwa mabomba ni mawili. Baba watoto ananishikia uzi. Magoti hayamzuii kukaa. Wifi ameomba ashone vifungo, nami nimemwachia, kwa kuwa sitaki makuu. Na ile sehemu ya Bwana Usiguse nimeshaipanga: kikaratasi kimoja cha USIGUSE nilikiokota sakafuni Ijumaa, kiko mfukoni, gundi bado nzuri. Nitakibandika kifuani mwa sweta, nione atakayelivua.

Mfagiaji mpya wa ghorofa ya chini ni mtu mwelewa. Nimeshamtangulizia chai.

Jioni binti alinishika mikono yote miwili, akaniapisha nisifanye chochote. Safari hii alilirudia mara nne. Nimemwahidi.

Ila wewe, daftari, hii ni barua ya sita na hujanijibu hata moja. Nahitaji kujua jambo dogo tu: kifua cha leza hupimwa kutoka wapi hadi wapi? Nijibu upesi, tafadhali. Deki ni Jumatano, na nimeshafika kwenye makwapa.